Saraka ya Sapelo: wajukuu wa Bilali wanavyotafuta majina yao kwenye makaratasi ya Marekani

Katika kisiwa kimoja cha jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani, kulikuwa na bibi aliyekuwa akitengeneza vikate bapa vya unga na asali, mara nyingine vya mchele. Akimaliza, huwaita wajukuu wote, hutoa ungo mkubwa uliojaa, na kumpa kila mmoja chake. Kabla ya kula walisimama wakaizunguka meza, naye akasema amin, amin, amin. Vikate hivyo yule bibi aliviita saraka.

Msomaji wa Pwani hahitaji kamusi hapo. Ni sadaka. Lakini wajukuu waliovila hawakujua neno lile limetoka wapi. Walikuwa Wakristo wa Kibatisti, wazungumzaji wa Kiingereza cha visiwani kiitwacho Kigeechee, na habari hii iliandikwa tu kwa sababu miaka ya 1930 serikali ya Marekani iliwaajiri waandishi waliokosa kazi, ikawatuma vijijini kuwahoji wazee. Waliofika kisiwa cha Sapelo walimkuta mzee Shad Hall, akawasimulia habari za bibi yake Hester. Kitabu cha mahojiano hayo, Drums and Shadows, kilitoka mwaka 1940.

Hester alikuwa binti wa Bilali Muhammad. Nataka nimtumie huyu Bilali na kizazi chake kueleza jambo ambalo wengi wetu hulisikia juujuu tu, hasa tunapoambiwa kwamba Mmarekani fulani ametafuta asili yake akaipata. Anaipata wapi? Nani aliiandika? Na kwa nini mwingine aipate kwa saa moja kwenye kompyuta, na mwingine atumie miaka ishirini aishie kwenye ukuta?

Bilali anaaminika kuwa alizaliwa Futa Jallon, nchi ya milima iliyo Guinea ya leo. Aliuzwa utumwani, akapitishwa visiwa vya Bahamas, kisha akaletwa Sapelo kwenye shamba la Thomas Spalding, tajiri aliyenunua ardhi kisiwani humo mwaka 1802. Hapo akawa nyapara mkuu. Wazee walisimulia kwamba alikuwa akiswali kwa nyakati zake, na kwamba alikuwa na tasbihi ndefu. Aliacha maandishi ya Kiarabu ya kurasa 13, ambayo kwa miaka mingi Wamarekani waliyaita shajara ya maisha yake, wakidhani kaandika mateso ya utumwani. Mwishoni mwa miaka ya 1930 mtaalamu wa lugha Joseph Greenberg aliyapeleka Kano, Nigeria, akawaonyesha mashekhe. Ikabainika kuwa sehemu kubwa ni mafungu ya Risala ya Ibn Abi Zayd al-Qayrawani, kitabu cha fiqhi ya Kimaliki: mambo ya udhu, adhana na swala. Mtu yuko utumwani, ng'ambo ya bahari, na akipata karatasi anaandika alichosomeshwa chuoni utotoni, jinsi anavyokikumbuka, na makosa yake yamo. Maandishi yenyewe sasa yako Chuo Kikuu cha Georgia.

Basi kizazi cha Bilali kina bahati ambayo weusi wengi wa Marekani hawana. Kina jina. Kina mahali. Lakini hata wao, wakitaka kuunganisha babu na mjukuu kwa karatasi inayokubalika mahakamani, hugonga mwamba, na sababu iko kwenye jinsi Marekani inavyotunza kumbukumbu.

Kitu cha kwanza kuelewa ni kwamba Marekani haina daftari moja la raia. Vizazi, ndoa, vifo, wasia, hati za mashamba, kodi, kesi, vyote hivyo kwa desturi viliandikwa huko chini, kwenye kaunti, na kule kaskazini-mashariki hata kwenye kijiji. Ndiyo maana mtafutaji wa nasaba haendi Washington kwanza. Anakwenda kwenye jengo la mahakama la kaunti, anamuuliza karani daftari la mwaka fulani, anafungua kurasa. Na kila mahali walianza kwa wakati wao. Massachusetts ilitoa amri ya kuandika vizazi, ndoa na vifo tangu 1639. Georgia ilianza kuandikisha vizazi na vifo kwa jimbo zima mwaka 1919.

Chukua mji wa Salem, ulioko Massachusetts hiyohiyo. Huu ni mji ambao sisi tunaujua bila kujua kwamba tunaujua, maana merikani waliyovaa mababu zetu ilikuwa kitambaa kilichopata jina lake kutokana na biashara ya watu wa Salem na jirani zao. Walikuwa wakija Unguja kuchukua pembe na sandarusi hata kabla ya Sayyid Said kutia saini mkataba na Marekani mwaka 1833, na balozi wa kwanza wa Marekani kukaa Unguja, Richard Waters, aliyefika 1837, alikuwa mtu wa Salem. Watu hawa waliandika kila kitu. Daftari za meli, mahesabu ya bidhaa, barua za nyumbani. Leo anayetafiti biashara ya Unguja ya enzi ile hana budi kuzisoma barua zao, maana humo mna majina ya wafanyabiashara wa huku pia. Makaratasi hayo yanatunzwa na maktaba ya Phillips, ambayo wenye jumba la makumbusho waliihamishia mji wa Rowley mwaka 2018, na watu wa Salem wakapiga kelele kwamba historia yao imebebwa ikapelekwa kwa jirani. Niliposoma habari ya ugomvi huo nilicheka kidogo, kisha nikawaonea wivu.

Mjukuu wa nahodha wa Salem, basi, anaweza kurudi nyuma baba kwa babu hadi miaka ya 1600 bila jasho. Mjukuu wa Bilali anarudi hadi 1870, anakutana na ukuta. Jina hilo wamelitoa wao wenyewe, ukuta wa 1870, na kila mtafutaji mweusi wa Marekani anaujua.

Ukuta ulijengwa na sensa. Marekani imehesabu watu kila baada ya miaka kumi tangu 1790. Mwanzoni waliandika jina la mkuu wa nyumba tu na idadi ya waliomo. Kuanzia 1850 wakaandika jina la kila mtu, mke, watoto, hata mgeni aliyelala. Kila mtu huru, yaani. Watumwa walikuwa na daftari lao pembeni, mwaka 1850 na 1860. Juu linaandikwa jina la bwana. Chini yake ni mistari: mwanamume, miaka 40, mweusi. Mwanamke, miaka 22, mweusi. Mtoto wa kike, miezi 6. Majina hakuna, isipokuwa katika kaunti chache mno ambako karani alikwenda kinyume na maagizo. Mwaka 1860 watu karibu milioni 4 waliandikwa hivyo. Sensa ya 1870, baada ya vita na baada ya utumwa kupigwa marufuku, ndiyo ya kwanza kuwaandika wote kwa majina. Kwa hiyo mtu aliyekufa mwaka 1869 huenda asionekane kwa jina lake kwenye sensa yoyote, hata kama aliishi miaka 80.

Waliobaki wakiruka ukuta huo hutumia ngazi za namna mbalimbali. Moja ni daftari za wapiga kura za 1867, pale wanaume weusi wa Georgia walipoandikishwa kwa mara ya kwanza. Hizo zinakupa jina miaka mitatu kabla ya sensa. Nyingine ni makaratasi ya ofisi ya serikali iliyoundwa Machi 1865 kuwashughulikia walioachwa huru. Iligawa chakula, ikafungua shule, ikasimamia mikataba ya kazi kati ya walioachwa huru na mabwana wa jana, na ikaandikisha ndoa za watu waliokuwa wameishi pamoja miaka na miaka bila sheria kuwatambua. Mwaka 2015 wakajitokeza maelfu ya watu wa kujitolea kuyasoma makaratasi hayo na kunakili majina, na kazi yao ikatoa watu karibu milioni 1.8 wanaoweza kutafutwa kwenye intaneti bila malipo.

Ngazi ninayoipenda mimi zaidi ni ya benki. Mwaka 1865 ilifunguliwa benki ya akiba kwa ajili ya walioachwa huru. Ilianguka mwaka 1874, na maelfu ya watu waliokuwa wamedunduliza senti zao wakapoteza. Dhuluma ya wazi. Lakini karani wa benki ile, ili amtambue mteja asiyejua kusoma, alimuuliza: baba yako nani, mama yako nani, ndugu zako wako wapi, bwana wako wa zamani nani. Na mteja alitaja. Alitaja hata ndugu waliouzwa akiwa mdogo, ambao hajui waliko. Pesa zilipotea, majina yakabaki. Daftari hizo zilikuwa hazisomeki kwa utafutaji wa kawaida, hazina faharasa, mpaka kanisa la Wamormoni, ambalo makao yake Salt Lake City ndiyo yenye hazina kubwa kuliko zote ya filamu za nasaba, likaandaa kazi ya kuzipanga. Waliofanya kazi yenyewe ni wafungwa wa jela ya jimbo la Utah, kwa hiari yao. Iliwachukua miaka 11. Mwaka 2001 faharasa ikatolewa, majina kama 480,000. Mtu aliyefungiwa ndani akimtafutia mtu mwingine baba yake.

Ngazi ya mwisho ndiyo inayouma. Kwa kuwa mtumwa alihesabiwa mali, anapatikana kwenye makaratasi ya mali. Mzungu akifa, mahakama ya mirathi ya kaunti ilituma watu kuorodhesha alichoacha: ng'ombe, majembe, vitanda, saa ya ukutani, na watu, kila mmoja kwa jina lake moja na bei yake kwa dola. Mama na mtoto wake mchanga pengine hupewa bei moja. Mtafutaji mweusi wa leo lazima kwanza amjue bwana wa babu yake, achunguze nasaba ya bwana huyo kama ya kwake, binti zake waliolewa na nani na wakapewa nani kama zawadi ya harusi, ndipo ampate bibi yake mwenyewe kati ya kisu na farasi. Wapo wanaofika hapo na kulia. Wapo wanaofurahi, kwa sababu hatimaye wameliona jina.

Na jina lenyewe huandikwa vile karani alivyolisikia. Bilali wa Sapelo anaonekana kwenye maandishi mbalimbali kama Bu Allah, Ben Ali, Belali, Bilally. Wapo wanaosema jina la ukoo wa Bailey, ambalo ni la kawaida kisiwani, ni Bilali huyohuyo aliyevalishwa suti ya Kiingereza. Mabinti zake wengine, kama walivyotajwa na mjukuu wa kizazi cha tatu, Katie Brown, walikuwa Medina, Fatima, na mmoja aliyeitwa Bentoo, ambaye sisi tungemsoma Bintu. Anayetafuta Fatima na karani kaandika Fatimer au Fatty atampita na kwenda zake. Nimewahi kuona kitu kama hicho kwenye vyeti vya watu wangu mwenyewe, jina moja la babu limeandikwa namna tatu, kwa hiyo siwashangai.

Mtu atauliza: yote haya ya nini? Si yameshapita? Hapa ndipo suala linapotoka kwenye udadisi na kuingia kwenye shamba.

Mwaka 1871, miaka michache tu baada ya utumwa, watu watatu wa Sapelo walioachwa huru, William Hillery, John Grovner na Bilally Bell, waliungana wakanunua upande wa kisiwa uitwao Raccoon Bluff, eneo la ekari kama 1,000. Lisome jina la huyo wa tatu tena. Wakagawiana na jamaa zao, wakajenga nyumba, kanisa, shule. Karne iliyofuata matajiri wakakinunua kisiwa kipande kwa kipande: Howard Coffin wa magari mwaka 1912, kisha R. J. Reynolds wa tumbaku mwaka 1934. Huyu Reynolds alizikusanya familia za weusi kutoka vijiji vyao, Raccoon Bluff ikiwa ya mwisho, akaziweka pamoja Hog Hammock. Kwenye karatasi ni kubadilishana viwanja kwa hiari. Wazee walisimulia kwamba walisukumwa. Leo karibu kisiwa chote ni cha jimbo la Georgia, na kizazi cha Bilali kimebaki na eneo la ekari 400 na kitu.

Sasa, hizo ekari ni za nani hasa? Wazee wengi walikufa bila kuandika wasia, na mirathi haikupelekwa mahakamani. Shamba likabaki la warithi wote kwa pamoja, wana, wajukuu, vitukuu, wengine wako Savannah, wengine New York, wengine hawajakanyaga kisiwani. Wasomaji wengi hapa wanayo nyumba ya babu ya namna hiyo, kwa hiyo nisieleze sana. Kwa sheria ya zamani, mgeni angeweza kununua fungu la mrithi mmoja wa mbali, kisha akaiomba mahakama shamba zima liuzwe kwa mnada, na waliokuwa wakiishi humo wakajikuta nje. Weusi wa kusini wamepoteza ardhi nyingi mno kwa njia hiyo. Mwaka 2012 Georgia ilikuwa miongoni mwa majimbo ya mwanzo kupitisha sheria mpya inayowapa warithi nafasi ya kwanza ya kununua fungu la anayetaka kutoka, na inayotaka thamani ya haki. Lakini ili uitwe mrithi lazima uthibitishe kuwa ni mrithi. Unaleta nini? Sensa ya 1870. Cheti cha ndoa cha kaunti. Tangazo la kifo gazetini. Biblia ya nyumbani ambayo bibi aliandika vizazi kwenye ukurasa wa mbele. Karatasi ya ratiba ya maziko iliyohifadhiwa chini ya godoro. Hapo shajara ya ukoo si pambo la sebuleni.

Mwaka huohuo wa 2012 bili za kodi ya ardhi za Hog Hammock zilipanda ghafla, nyingine mara tatu na zaidi, kwa sababu wageni walikuwa wameanza kujenga nyumba za likizo na bei ya ardhi kupaa. Mwaka 2023 wakuu wa kaunti wakalegeza sheria ya ujenzi, ukubwa wa nyumba unaoruhusiwa ukatoka futi za mraba 1,400 kwenda 3,000. Nyumba kubwa ina maana ya kodi kubwa kwa jirani. Wenyeji wakaenda mahakamani.

Kumbukumbu zenyewe nazo ziko hatarini kila siku. Mji wa Darien, makao ya kaunti inayokimiliki kisiwa cha Sapelo, ulichomwa moto na jeshi la Muungano mwezi Juni 1863. Watafutaji wa kusini wana msemo wa kaunti zilizoungua, na orodha yake ni ndefu. Hata Washington, tarehe 10 Januari 1921, moto kwenye jengo la wizara ya biashara uliharibu sehemu kubwa ya sensa ya 1890. Kilichosalia kikaja kutupwa kwa idhini ya serikali yenyewe. Vizazi viwili vya watu wa Marekani, weusi kwa weupe, vina shimo pale. Na bajeti nayo ni moto wa aina yake. Septemba 2012 ilitangazwa kwamba hifadhi ya nyaraka ya jimbo la Georgia ingefungiwa umma kwa kukosa pesa. Watu wa kawaida walikuja juu, wastaafu, walimu, watafutaji wa nasaba, wakakusanya saini na kwenda bungeni. Haikufungwa. Ikahamishiwa chini ya mfumo wa vyuo vikuu vya jimbo.

Watu hawa wa kawaida ndio wanaonivutia. Tangu 1996 kuna mtandao wa watu wa kujitolea, ulioanzia Kentucky, ambao kila kaunti ya Marekani imepewa mtu wa kuweka kumbukumbu zake kwenye intaneti bure. Wengine huzunguka makaburini na daftari, wakinakili kila jiwe kabla halijafutika. Pamoja na hayo si kila kilichochapishwa kinaaminika. Vile vitabu vinene vya historia za kaunti, vilivyotoka kwa wingi miaka ya 1870 na 1880, viliandikwa kwa michango ya wanunuzi, na aliyelipa ndiye aliyepata wasifu wake mzuri na pengine picha yake na ndevu zake. Mkulima maskini hamo. Mweusi hamo kabisa, au yumo kama mtumishi mwaminifu bila jina la ukoo. Mtafutaji mzuri anavisoma akijua hilo.

Sapelo waliyakosa makaratasi wakashika simulizi. Cornelia Walker Bailey, aliyefariki mwaka 2017, alijitambulisha kuwa wa kizazi cha Bilali na akaandika kitabu cha maisha ya kisiwa. Alieleza kwamba kanisa lao liliwekwa kuelekea mashariki, na maiti wao walizikwa kuelekea mashariki, na kwamba wazee walikataza kumwelekeza Mungu upande mwingine. Sababu walikuwa wameisahau, au hawakuambiwa.

Makaburi yao yako mwituni, chini ya mialoni yenye ndevu za kijivu, na huitwa Behavior. Hakuna anayejua idadi ya waliolala humo, maana ya zamani mengi yaliwekewa kigingi cha mti, na mti uliota ukaoza. Juu ya baadhi yaliwekwa vyombo alivyotumia marehemu mara ya mwisho, kikombe, sahani, taa. Wenyeji bado wanazika hapo. Mgeni haruhusiwi kuingia ovyo. Ukifika na kusema una jamaa yako humo, mzee wa kisiwa atakuuliza swali lilelile ambalo karani wa benki alimuuliza bibi yake: mama yako nani?